Aloevera nje ya nyumba Dar: chagua kona yako kabla ya masika

Shangazi yangu wa Tabata alinipigia simu mwezi wa nne, sauti kama ya mtu aliyefiwa. Alikuwa na vyungu sita vya mshubiri, yaani aloevera, uani, vitano vimeshalala. "Mwanangu, navimwagilia asubuhi na jioni, sasa vinataka nini tena?" Mwezi wa nne, Dar! Mvua imenyesha tangu alfajiri, na yeye ameshika ndoo. Nilitaka kucheka nikajizuia, maana mimi nimeua mishubiri mingi kuliko yeye, tena kwa kujifanya najua. Haya ndiyo niliyomwelekeza Jumapili yake.

Kwanza tuelewane kuhusu hali ya hewa. Wengi husema huu ni mmea wa jangwani, Dar kuna joto, basi utakubali. Joto halina neno. Aloevera asili yake ni Bara Arabu, na baridi kali ndiyo inayoiua. Usingeiacha nje kule Makete kwenye usiku wa Juni ambao nyasi zinaamka na barafu. Hapa kwetu hata Julai usiku hucheza kwenye nyuzi 18 hadi 20, hauiumizi kitu. Kinachoiumiza ni maji. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, Dodoma haifiki 600. Juu ya hapo hewa yetu ina unyevu, na mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, kwa hiyo haunywi kwa pupa kama mchicha. Chungu kikilowa, kinabaki kimelowa.

Mji huwezi kuuhamisha. Unachochagua ni kona ya uwanja wako.

Hatua ya 1: Jua unapanda mshubiri gani

Aloevera ya kawaida inatosha kwa mtu anayeanza. Ukitaka ya mapambo, tafuta jamii za hapa nchini: Aloe lateritia yenye madoadoa, au Aloe dorotheae ya Handeni inayogeuka nyekundu ikikaa juani. Hizi zimezaliwa kwenye nchi ya masika na vuli. Ile ya Lesotho yenye majani yaliyojizungusha kama konokono, Aloe polyphylla, iache kwenye picha. Ni ya milimani kwenye ubaridi, na hapa utaizika. Nunua kwa wauza miche, usichimbe porini. Mishubiri yote isipokuwa aloevera yenyewe imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini.

Hatua ya 2: Panda Juni

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukipanda Juni mmea una miezi minne ya kushika mizizi kabla ya vuli. Ukipanda Machi unacheza kamari.

Hatua ya 3: Fuata jua, siyo ushauri wa mtandaoni

Video nyingi zinasema weka mmea upande wa kusini wa nyumba. Walioziandaa wako Ulaya na Marekani. Za Afrika Kusini zinasema kaskazini. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatuhama: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba adhuhuri yake iko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki iko kusini. Ukuta wako wa kusini, ambao Januari unawaka, Julai ni kivuli kitupu. Mimi napenda upande wa mashariki, jua la asubuhi mpaka saa sita, mwaka mzima. Magharibi sipapendi, hasa kama uwanja umetandikwa pevingi zinazorudisha joto hadi jua lizame.

Mche uliotoka chini ya neti ya muuzaji usiuweke juani siku hiyo hiyo. Mpe wiki mbili, ukiongeza saa kidogo kidogo. Majani yakigeuka rangi ya kahawia-nyekundu, yanazoea tu, yatarudi. Yakipata mabaka meupe makavu, hayo ni makovu, hayarudi.

Hatua ya 4: Jaribu maji, na ujaribu kwa wakati wake

Hapa ndipo nilipopotezea misimu miwili, kwa hiyo nivumilie.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yashuke, jaza tena, kisha tazama saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya nusu saa, hapo panafaa. Yakiwa bado yapo baada ya saa moja, usipande ardhini.

Nilifanya hivyo kwenye kiwanja cha bondeni nilichokuwa nimepanga, mwezi wa pili. Maji yaliingia kama yanayoitwa. Nikapanda mishubiri 22 nikijisifu. Mwezi wa nne nikachimba tena palepale, na kabla sijamimina chochote maji yakaanza kuchimbuka yenyewe kutoka chini. Kumbe mabondeni maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, na mchanga uliokunywa vizuri Februari unakuwa sifongo iliyoshiba. Mishubiri yote ikageuka uji kuanzia shinani. Ukishika jani linatoka lenyewe, na harufu yake siisahau.

Kwa hiyo jaribio la kiangazi ni nusu ya jibu. Kama huwezi kusubiri Aprili, waulize majirani: masika maji husimama wapi, kwa siku ngapi? Angalia ukuta, alama ya tope haidanganyi. Kama jibu linakutia shaka, inua tuta la sentimita 30 hadi 40 au panda kwenye vyungu. Ukiwa huko Kimara kwenye mteremko, maji yanakimbia yenyewe. Mchanga wa Kigamboni nao hupitisha vizuri palipoinuka. Lakini usiamini jina la mtaa, chimba.

Msimu uliofuata nikaenda kwenye vyungu, nikavipanga chini ya upenu nikidhani nimevificha. Nilikuwa nimeviweka hasa pale ambapo bati humwaga michirizi. Chungu kimoja kilikuwa kinapokea maji ya nusu ya paa! Simama upenuni mvua ikinyesha, uone mchirizi unaangukia wapi, kisha sogeza vyungu ndani zaidi, vigusane na ukuta. Na mvua ya upepo wa kusi huingia kimshazari, kwa hiyo upenu unaotazama kusini haukingi sana.

Usifunike kwa nailoni. Nilifunika siku nne, jua likachomoza katikati, ndani kukawa kama kikaango cha kuchomea vitumbua. Ukitaka kukinga, weka kipande cha bati juu na uache pande zote nne wazi, hewa ipite.

Kosa la shangazi lilikuwa dogo kuliko yote hayo: sahani chini ya kila chungu, ili maji yasichafue sakafu. Zote zilikuwa zimejaa. Tuliziondoa, tukaweka vipande vya tofali.

Hatua ya 5: Udongo

Chukua mchanga wa mto wa mafundi, uchekeche. Laini unaopita chini mwachie fundi wa plasta, wewe chukua ule wa chembe kubwa unaobaki juu. Sehemu mbili za huo, moja ya udongo, moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Chungu kiwe cha udongo uliochomwa. Ndoo za rangi zinafaa ukizitoboa vizuri, ila mimi sizipendi, hazipumui.

Hatua ya 6: Panda

Kichipukizi kikikatwa, kiache kivulini siku tatu hadi tano kidonda kikauke. Panda. Usimwagilie wiki ya kwanza.

Hatua ya 7: Maji ya kumwagilia

Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kiangazi cha Januari na Februari inaweza kuwa mara moja kwa wiki. Masika ni sifuri. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, utaona ukoko mweupe mdomoni mwa chungu na ncha za majani zikikauka. Hapo kinga maji ya mvua ya vuli kwenye pipa, uyatumie hayo kiangazi.

Chungu cha sita cha shangazi kilipona. Tulikikung'uta, tukakata mizizi myeusi, tukakianika barazani siku tano. Alinipigia siku ya pili kuuliza kama akipe maji kidogo tu.