Rangi moja ya midomo na mashavu, ya kutengeneza nyumbani Lubumbashi

Wengi huanza na betirave (bitiruti) kwa sababu maji yake ni mekundu mno. Shida ni kwamba rangi ile huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Ukiitia kwenye nta inabaki vidonge vidonge, na mashavuni inaacha mistari. Rangi inayokubali mafuta tunayo jikoni tayari: mawese.

Tafuta nta ya nyuki iliyokunwa kijiko kikubwa kimoja, mawese mekundu kijiko kikubwa kimoja, mafuta ya mbarika kijiko kikubwa kimoja, na kakao isiyo na sukari wala maziwa kijiko kimoja cha chai.

Hatua ya 1: Safisha nta. Ile ya wauza asali wa vijijini huja na majivu na mabawa ya nyuki. Ichemshe ndani ya maji, uichuje kwa kitambaa, uiache ipoe usiku kucha. Asubuhi utakuta sahani ngumu ya njano imeelea juu ya maji. Igeuze, ukwangue uchafu wote ulioganda chini, kisha uikaushe kabisa.

Hatua ya 2: Ponda kakao na matone machache ya mbarika kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe laini kama wino. Usiruke hatua hii. Punje za kakao midomoni zinakera.

Hatua ya 3: Weka nta, mawese na mbarika iliyobaki kwenye bakuli, na bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji yasitokote kwa nguvu. Usiweke bakuli moja kwa moja juu ya mbabula (jiko la makaa): kila mpishi anajua mawese yakiungua hupauka, na rangi ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 4: Tia kakao, koroga, dondosha tone kwenye kijiko baridi. Likiganda, lipake mkononi. Mawese peke yake huonekana manjano kwenye ngozi nyeusi sana. Kakao ndiyo inayoyapeleka kwenye rangi ya shaba. Ngozi nyeupe kidogo, punguza kakao nusu. Na kama jirani ana mzingefuri uani, ule mti wa mbegu nyekundu, loweka mbegu zake kwenye mbarika ya uvuguvugu, uchuje: utapata rangi ya machungwa inayoelekea wekundu.

Tafadhali, dada yangu, usitie udongo mwekundu wa hapa, hata ukivutia vipi. Udongo wa karibu na viwanda vya madini umebeba shaba, kobalti, hata risasi, na cha midomoni kinamezwa. Rangi za kupaka milango nazo usiziguse.

Hatua ya 5: Mimina kwenye vikopo vikavu. Joto la Oktoba litailainisha, basi ongeza kijiko cha chai cha nta. Juni na Julai punguza kidogo, la sivyo itakataa kutoka.

Kabla ya kuitumia, paka ndani ya kiwiko, subiri siku moja uone kama pawasha. Mashavuni, gonga gonga kwa kidole cha pete pale mfupa unapoinuka, ukielekea sikioni. Midomoni anza katikati. Tumia kidole kikavu: tone la maji likiingia kikoponi huleta ukungu. Ikianza kunuka mafuta ya zamani, tupa.