Somo: Jinsi ya kumtafuta mchoraji aliyejificha ndani ya mchoro wake

Wakuu, swali la "mmejuaje kuwa huyo ni mchoraji mwenyewe?" limenichosha. Naandika mara moja, mkirudia nawaelekeza hapa.

1. Chukua picha kubwa kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Ya WhatsApp haifai.

2. Anza pembeni. Wengine wote wana shughuli zao, mmoja kageuka anakukodolea macho: mshuku huyo. Raphael, kwenye Shule ya Athens huko Vatikani, kajibanza ukingo wa kulia na kofia nyeusi.

3. Kuza kila kinachong'aa. Clara Peeters, kwenye mchoro wake wa jibini na lozi ulioko Mauritshuis, The Hague, kajichora kwenye kifuniko cha jagi. Usipokuza utadhani ni mng'ao tu. Jina lake liko ubavuni mwa kisu.

4. Thibitisha. Hapa ndipo mnapoteleza. KUFANANA SI USHAHIDI. Nywele ndefu na ndevu walikuwa nazo nusu ya wanaume wa enzi hizo. Tafuta saini, maandishi ya watu wa wakati wake, au picha yake nyingine isiyo na ubishi. Dürer alirahisisha kazi: kwenye Sikukuu ya Taji za Waridi (1506) kashika karatasi yenye jina lake. Van Eyck, kwenye mchoro wa wanandoa Arnolfini, aliandika ukutani juu ya kioo kwamba alikuwapo hapo, 1434, ila kiooni mna watu wawili na hakusema yeye ni yupi. Ile ngozi ya mtu iliyochunwa, aliyoishika Mtakatifu Bartolomayo kwenye Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo, haina saini. Daktari Mwitaliano, Francesco La Cava, ndiye aliyetangaza mwaka 1925 kuwa uso wa ngozi hiyo ni wa Michelangelo mwenyewe. Wataalamu wengi wamekubali, lakini andika "inaaminika". Usiandike "ni".

MASWALI

— Kwa hiyo Mona Lisa ni Da Vinci mwenyewe? Kuna video wamelinganisha sura.
Hatua ya 4. Isome.

— Mbona unakuwa mkali, mkuu?
Kwa sababu nimeweka herufi kubwa na bado hamsomi.

— Caravaggio alijichora kama kichwa cha Goliati kilichokatwa. Kwa nini ajifanyie hivyo?
Swali zuri hilo. Mwaka 1606 aliua mtu Roma, akahukumiwa kifo, akatoroka. Wapo wanaouona mchoro huo kama ombi la msamaha: kichwa mnachokitaka hiki hapa. Mtazame Daudi usoni, hana furaha ya mshindi hata kidogo.

— Velázquez je?
Kwenye Las Meninas hajajificha, kasimama na brashi mkononi. Ila kagua msalaba mwekundu kifuani. Mchoro ni wa 1656, naye aliingizwa kwenye Shirika la Santiago, la mashujaa wa Hispania wenye alama ya msalaba huo, 1659. Uliongezwa baadaye.

— Simu yangu inakwama nikikuza.
Piga skrinishoti kipande kipande.

— Nimeuona uso wa Peeters kwenye jagi! Ana nyingine?
Anayo, ya 1612, iko Karlsruhe, Ujerumani. Kagua vinundu vya kikombe kilichopakwa dhahabu, kajirudia humo zaidi ya mara moja. Hesabu, kisha utuambie umepata ngapi.