Jinsi ya kuzuia maji yasigande katika mabomba ya gari la kambi: Molo, Timboroa na Mlima Elgon

Aliyezoea joto la Kisumu, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hushangaa akiambiwa kwamba maji yanaweza kuganda ndani ya bomba nchini Kenya, nchi inayopitiwa na ikweta. Hata hivyo, kila upandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6, na ukifika Timboroa, katika nyanda za juu za magharibi, ambako reli ya zamani ilipita juu ya mita 2,700, usiku mmoja usio na mawingu unatosha kuyashusha maji hadi sifuri. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari la kambi, yaani basi dogo, lori au trela iliyowekewa ndani kitanda, jiko, tangi la maji na pampu, anayetaka kulala nyanda za juu bila kuamka na bomba lililopasuka.

Mimi niliamka nalo Molo, mji mwingine wa nyanda za juu, mwezi Januari, nikiwa na familia. Alfajiri nilifungua mfereji wa jikoni, pampu ikanguruma, na hakuna tone lililotoka. Nilidhani maji yamekwisha. Saa tatu hivi jua lilipopiga ubavu wa gari, barafu iliyeyuka na maji yakaanza kutiririka chini ya kitanda cha watoto. Kikombe cha plastiki cha chujio kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia kwenye hesi zake na kushuka hadi kitakoni. Kilichonishangaza ni kwamba chujio lilikuwa ndani ya kabati, mahali pasipofikia baridi ya kugandisha. Barafu ilikuwa imeanzia kwenye kipande cha bomba kinachopita nje, chini ya sakafu.

Jambo hilo linaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu inapokua ndani ya bomba huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda, na maji hayo yakiwa yamebanwa kati ya barafu na mfereji uliofungwa, hayana pa kwenda. Shinikizo hupanda hadi sehemu iliyo dhaifu kuliko zote inapoachia. Ndiyo maana vinavyopasuka kwanza ni kikombe cha chujio, kiungo cha kona, kichwa cha pampu na mpira wa bafu la mkono, wakati bomba lililoganda lenyewe linaweza kubaki zima. Kwa hiyo unayo mambo mawili ya kufanya: kuchelewesha barafu, na kuyaachia maji nafasi ya kutanukia.

Habari njema ni kwamba baridi yetu ni ya saa chache. Kanada au Ujerumani joto hukaa chini ya sifuri siku nyingi mfululizo, na huko gari lisilo na hita ya kudumu haliwezi kubaki na maji. Hapa kwetu saa za hatari ni kuanzia kama saa tisa usiku hadi jua linapochomoza, kisha hewa hupata joto upesi. Ukiweza kuchelewesha barafu kwa saa 4 au 5, umeokoka bila hita yoyote.

Ujue basi usiku wa hatari ni upi. Watu wengi hujihami Juni na Julai kwa sababu ndiyo miezi ya baridi ya mchana, lakini katika nyanda za magharibi hiyo pia ni miezi ya mawingu na mvua, na wingu hufunika ardhi kama blanketi. Jalidi, ule weupe unaoganda juu ya nyasi, huja zaidi kati ya Desemba na Februari, wakati wa kiangazi, anga inapokuwa wazi na upepo umetulia, kwa maana joto la ardhi hupaa juu bila kizuizi. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua Januari hiyo vizuri kuliko mtalii yeyote. Kanuni yangu ni hii: utabiri ukisema nyuzijoto 4 au chini, nyota zikionekana zote na majani ya miti yakiwa hayatikisiki, ninaandaa gari kana kwamba maji yataganda, kwa sababu bati na nyasi hupoa kuliko hewa inayopimwa mita chache juu.

Mahali pa kuegesha pana uzito kuliko kifaa chochote utakachonunua. Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji kuelekea bondeni, kwa hiyo sehemu tambarare iliyo chini ya kilima, hata kama inapendeza na iko karibu na kijito, ndiyo hugandisha kwanza. Egesha katikati ya mteremko, ikiwezekana kando ya miti ambayo matawi yake yanakinga anga, na uelekeze upande wenye mabomba mashariki ili jua la saa moja liufikie. Kule Mau Narok na Molo kuna njia rahisi ya kulitambua bonde baya: muulize mkulima wa viazi ni kona gani ya shamba ambayo majani huungua kwa baridi kila mwaka. Mzee mmoja alinionyesha kona yake kwa fimbo, mahali ambapo mimea ilikuwa imekuwa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto, ilhali hatua 30 juu yake viazi vilikuwa vya kijani kabisa. Usilaze gari kwenye kona hiyo.

Kazi ya kufunika mabomba ifanyie nyumbani, mchana, kabla ya safari. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na chaki, ufuate bomba kutoka kwenye tangi hadi kila mfereji, na uweke alama kila linapotoka nje ya sakafu, kila kiungo na kila koki. Ukiweza, mwombe fundi ahamishie ndani vipande vya nje. Ni gharama ya mara moja, na hakuna kifuniko kinachoishinda. Visivyohamishika vivalishe ile sponji nyeusi ya mviringo ambayo mafundi wa friji huvalisha mabomba yao. Usitumie sponji ya godoro wala magunia, kwa sababu hunyonya maji ya barabarani, na kitu kilicholowa hupitisha baridi badala ya kuizuia. Funga mshono wote kwa utepe, na viungo na koki uvifunike kwa uangalifu zaidi kuliko bomba lililonyooka, maana sponji ikiacha wazi pengo la vidole viwili, barafu itaanzia hapo hapo. Kumbuka pia kwamba kifuniko hakitoi joto. Huchelewesha tu lile lililopo lisitoroke, na kwa baridi yetu ya saa chache hilo latosha.

Jioni ikifika, anza na mpira wa nje. Kama umeunganisha gari na mfereji wa kambi, jaza tangi la ndani, kisha uchomoe mpira, uumwage wote na uuweke ndani, kwa sababu mpira uliolala juu ya nyasi ndio huganda kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya kulala, zima pampu kwenye swichi yake, fungua mifereji yote hadi shinikizo liishe, upande wa maji baridi na wa moto, na uiache wazi kidogo. Bafu la mkono litundue na ulilaze chini ili maji yake yatoke. Fungua milango ya kabati la chini ya sinki na la pampu ili joto la pumzi zenu na la jiko lililopikiwa jioni liyafikie mabomba. Tangi la maji machafu limwage panaporuhusiwa, kisha utie konzi ya chumvi katika kiasi kilichobaki, kwani maji ya chumvi huganda kwa baridi kali zaidi.

Wako wanaoshauri mfereji uachwe ukidondosha maji usiku kucha. Kweli maji yanayotembea huchelewa kuganda, lakini mililita 100 kwa dakika ni lita 48 kwa saa 8, na wakati wa kiangazi katika kambi isiyo na bomba huo ni uharibifu ambao sitaupendekeza. Badala yake, chemsha maji jioni, yaache yapoe kidogo, uyatie katika mtungi wa lita 5 ulio imara, uufunge vizuri na kuuweka kando ya pampu. Maji hayo yakishuka kutoka nyuzijoto 60 hadi 10 kwa saa 6, hutoa joto sawa na kifaa cha karibu wati 48 kinachowaka muda wote huo, bila kugusa betri.

Hapa sina budi kuonya kwa nguvu. Usiingize jiko la makaa ndani ya gari kwa ajili ya mabomba wala kwa ajili ya watu. Kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Usimimine kwenye tangi la maji ya kunywa ile dawa ya rejeta inayouzwa gereji, kwa sababu nyingi yake ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu. Magari ya nchi za baridi yanayolazwa majira yote ya theluji hutiwa propilini glikoli iliyotengenezwa mahususi kwa mabomba ya maji ya kunywa, na hata hiyo husuuzwa yote kabla ya kutumika tena.

Ukielekea Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim na kukusudia kulala juu kabisa, kwenye nyika iliyo juu ya msitu, usitegemee sponji wala mtungi. Mwaga mfumo wote: fungua koki ya chini ya tangi, iendeshe pampu kwa sekunde chache hadi itoe hewa tupu, fungulia kikombe cha chujio ukimwage, kisha upulize mabomba taratibu kwa pampu ya baiskeli ukifungua mfereji mmoja baada ya mwingine. Maji ya kunywa na ya kupikia yabebe katika mitungi ndani ya gari, bila kuijaza hadi mdomoni.

Na ikiwa utaamka ukute maji hayatoki, usiwashe pampu mara ya pili. Acha mfereji wazi, tafuta sehemu ya nje uliyoitia alama ya chaki, uizungushie kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, ukianzia upande wa mfereji na kurudi kuelekea kwenye tangi ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Moto wa gesi au wa karatasi usiukaribishe kwenye bomba la plastiki. Maji yakianza kutiririka, funga mifereji, washa pampu, ngoja ijizime yenyewe, na upitishe mkono mkavu chini ya chujio, kila kiungo na kichwa cha pampu. Pampu ikijiwasha tena yenyewe wakati mifereji yote imefungwa, kuna mahali panapovuja, na ni heri upatafute kabla hujaondoa gari.