Kusaka Sauti za Kale Mtandaoni, na Kuzisikiliza kwa Kasi Yake

Sauti iliyorekodiwa miaka mia iliyopita unaipata bure, ukikaa palepale ulipo. Tabu ni kuisikia jinsi ilivyotoka kinywani.

1. Anzia kwenye hazina. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka mtandaoni maelfu ya silinda za nta, yaani mitungi midogo iliyorekodiwa sauti. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina National Jukebox, mkusanyiko wa mtandaoni wenye sahani nyingi za santuri za kampuni ya Victor za kati ya 1901 na 1925.

2. Tafuta kwa namba. Jina la mwimbaji huandikwa kila mtu apendavyo, hasa kama lugha yake haikujulikana na aliyeandika lebo. Namba iliyochongwa kwenye sahani, karibu na lebo, haina ubishi. Iingize katika DAHR, kanzidata ya mtandaoni ya rekodi za kale za Marekani. Mara nyingi itakupa tarehe na mahali pa kurekodia.

3. Pakua, kisha tunza nakala moja bila kuigusa. Usikimbilie kufuta mikwaruzo. Ukisafisha mno, herufi kama *s* na *f* huondoka pamoja na uchafu.

4. Pima kasi. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Sahani tunazoziita za mizunguko 78 kwa dakika hazikurekodiwa zote kwa 78, hasa zile za kabla ya 1925. Iliyorekodiwa kwa 74 ukiicheza kwa 78, sauti hupanda karibu nusu toni na maneno hukimbizana. Niliwahi kukesha nikinakili maneno ya wimbo nikidhani mwimbaji ni kijana mdogo. Kumbe mtu mzima, na nusu ya silabi nilizozikosa zilikuwa wazi kabisa baada ya kupunguza mwendo.

Haya yamewakuta hata mabingwa. Mnamo 9 Aprili 1860, Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alichora mawimbi ya wimbo kwenye karatasi yenye masizi. Mwaka 2008 watafiti waliigeuza michoro hiyo kuwa sauti, wakasikia kama binti anaimba. Baadaye ikagundulika kasi ilikuwa maradufu: ni mwanamume, yumkini Scott mwenyewe, anaimba polepole.

Fungua faili katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, na utumie amri inayobadilisha kasi na toni kwa pamoja. Ile ya kubadilisha mwendo peke yake haifai hapa. Shusha asilimia moja moja. Kama kuna piano, ilinganishe na piano iliyosawazishwa. Kama ni maongezi matupu, sikiliza pumzi na irabu: mtu akisikika kama bata, bado.

5. Nakili maneno. Kata vipande vya sekunde tano na uvirudie. Neno likikushinda, tovuti ya Forvo ina matamshi ya wenyeji wa lugha nyingi. Pasiposikika, weka nukta tatu, usibuni.

6. Angalia hakimiliki. Nchini Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziko huru tangu 1 Januari 2022. Kwingineko sheria ni nyingine, kwa hiyo soma ya kwenu kabla ya kuipandisha rekodi tena mtandaoni.