Jinsi ya Kuchagua Bomba la Chuma la Kizimba cha Gari la Njia Mbovu

Kizimba cha kinga ni mabomba yanayozunguka sehemu ya abiria ili gari likipinduka, paa lisiwalalie walio ndani. Anayejiundia gari la kupita njia za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akifika kwa wauza vyuma wa Katwe, Kampala, swali la kwanza huwa ni inchi ngapi. Jibu la inchi peke yake halitoshi, kwa kuwa halitaji unene wa ukuta wa bomba, na bomba la fanicha lenye ukuta wa milimita 1.2 linaweza kulingana kwa upana na lile linalofaa.

Kipimo cha kuaminika kimo katika kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti vya mbele, unatakiwa uwe wa milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0 (namba ya kwanza ni upana wa nje, ya pili ni unene wa ukuta), na uwe wa chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono. Sehemu nyingi zilizobaki zinaruhusiwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kwa hesabu, bomba la 50 kwa 2.0 ni jepesi zaidi (kilo 2.37 kwa mita dhidi ya 2.62) na ni gumu zaidi kupinda. Hata hivyo, kwa gari litakalogongana na mawe na visiki ningechagua 45 kwa 2.5, maana ukuta mwembamba hubonyea upesi, na bomba lililobonyea limekwisha kupoteza nguvu yake.

Bomba la maji liacheni kwenye maji. Lile la inchi moja na nusu lina upana wa nje wa milimita 48.3, wala si 38, kwa hiyo vipimo vyenu vitapotea. Na likiwa limepakwa zinki, fundi anayelichomelea huvuta moshi wenye sumu huku mshono ukijaa vitundu.

Nendeni dukani na kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene. Kwanza piga tupa mdomo wa bomba hadi makapi ya msumeno yaishe, kisha pima ukuta mahali pane: ukisoma 2.5 upande mmoja na 2.1 upande wa pili, lirudishe. Mulika ndani kwa tochi. Mstari ulioinuka kutoka mwanzo hadi mwisho ni mshono wa kiwandani, na bomba hilo silo linalotakiwa. Kutu ya juu husuguliwa ikatoka, lakini iliyochimba vishimo imekwisha kula ukuta.

Kabla ya kulipia mabomba yote, nunua kipande kimoja na umwombe fundi akikunje kwa mashine kikiwa baridi, bila moto wala mchanga, kwa nusu kipenyo cha mkunjo kisichopungua mara 3 ya upana wa bomba, yaani milimita 135 kwa bomba la 45. Pima palipokunjwa: upana mdogo ukishuka chini ya asilimia 90 ya ule mkubwa, au ukaona mikunjamano upande wa ndani, ama bomba ni jembamba ama mashine haifai, na upinde huo usiingie garini.