Kushuka Korongo la Ol Njorowa na Kulala Hell's Gate: Namna ya Kuipanga Safari ya Marafiki

Marafiki wanaotaka kushuka korongoni na kulala kwenye mahema bila kwenda mbali na Nairobi hawana haja ya kutafuta zaidi ya Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka jijini. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, na ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Korongo lenyewe, Ol Njorowa, lilichimbwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, yaliyofurika na kutafuta pa kutokea upande wa kusini. Hilo si somo la jiografia tu. Mkishuka humo mnatembea katika mkondo, na mkondo huo bado hutumiwa na maji.

Kwa hiyo, jambo la kwanza kuamuliwa ni tarehe, kabla hata ya kuhesabu nani anakuja. Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, pamoja na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo, kiangazi nacho si dhamana. Mafuriko ya Aprili 2012 yaliua vijana saba wa kundi la kanisa, na yale ya mwanzoni mwa Septemba 2019, mwezi ambao wengi huuhesabu kuwa mkavu, yaliua watu saba wengine, miongoni mwao mwelekezi aliyelijua korongo hilo. Sababu ni kwamba mvua inayoleta balaa si lazima inyeshe mlipo. Hunyesha kwenye miinuko iliyo mbali, maji hukusanyika katika vijito, kisha huingia kwa pamoja mahali ambapo kuta zimekaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anaweza kuzigusa zote mbili. Jua linaweza kuwa linawaka juu ya vichwa vyenu wakati huo wote.

Baada ya maafa ya 2019 korongo lilifungwa. Basi, kabla ya kulipia gari, waulizeni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni sehemu ipi inayoruhusiwa siku mtakayofika, na muulize pia kuhusu malipo ya kuingia, ambayo siku hizi hufanywa kwa njia ya kielektroniki na si kwa fedha taslimu. Asubuhi ya safari waulizeni tena askari wa langoni, kwa kuwa jibu la juma lililopita halisemi lolote kuhusu mvua ya jana usiku. Mkiambiwa hapashukiki, kubalini bila kubembeleza. Baiskeli na majabali vinatosha kuijaza siku.

Kuhusu idadi, kwa maoni yangu watu wanane ni wengi wa kutosha. Kundi la ishirini hunyooka kama msafara wa harusi, na walio nyuma hawasikii linalosemwa mbele. Chukueni mwelekezi wa eneo hilo hata kama mmoja wenu amewahi kufika, na mwombeni awaonyeshe, kabla ya kushuka, kila mahali pa kupandia iwapo maji yatakuja. Mwepesi kuliko wote asitangulie peke yake. Atembee nyuma ya wote, na mzito awe karibu na mwelekezi ili mwendo wake uwe ndio mwendo wa kundi.

Viatu ni jambo la kusisitiza. Raba zilizolika soli huteleza kwenye mwamba wenye unyevu, na ndala hazina nafasi kabisa. Mahali penye ngazi ya mwamba, geuzeni uso kwenye ukuta kama mtu anayeshuka mnazi, mikono ishike kabla ya mguu kutafuta pa kukanyaga, na asishuke mwingine hadi aliyetangulia asogee pembeni. Mifuko iteremshwe kwa kamba badala ya kubebwa mgongoni, kwani uzito wake humvuta mtu nyuma. Yapo pia maji yanayochuruzika ukutani yakiwa ya moto kutokana na joto la ardhini, lile lile linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria jirani. Msiyaguse kwa kujaribu.

Mkiwa chini, inueni macho. Mtaona vijiti na nyasi kavu zilizonasa kwenye nyufa, juu kuliko kimo cha mtu. Hapo ndipo maji yalipofika. Kijito kikibadilika rangi ghafla na kuwa tope, majani yakianza kuelea kwa wingi, au mkisikia mngurumo kama wa lori zito, acheni mizigo na mpande ukuta ulio karibu. Msikimbie kufuata mkondo, kwa maana maji yana mbio kuliko ninyi.

Tokeni korongoni mapema alasiri ili mahema yasimamishwe kukiwa na mwanga. Ol Dubai na Naiburta ni miongoni mwa kambi zilizotengwa, na hakuna ruhusa ya kulala penginepo, hata pawe pazuri namna gani. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka Mombasa akidhani shuka moja inatosha atakesha akitetemeka. Blanketi nzito na mkeka wa kuzuia baridi ya ardhi ni vya lazima. Maharage yachemshwe nyumbani, chapati zipikwe siku moja kabla, na maji yabebwe ya kutosha, angalau lita nne kwa kila mtu kwa siku pamoja na ya kupikia.

Nyani ndio wageni wasioalikwa. Wanaijua zipu ya hema, na ndizi moja iliyosahaulika ndani inatosha kulichana, kwa hiyo chakula chote kifungiwe garini. Usiku asitoke mtu peke yake bila tochi, kwa kuwa nyati hupita kambini wakitafuta malisho. Kabla ya kuondoka, mwagieni majivu maji, kisha muweke kiganja juu yake. Kama bado kuna uvuguvugu, mwagieni tena.