Chakula cha mkesha wa harusi bila pombe
Anayeandaa chakula cha jioni baada ya mazoezi ya harusi, na ambaye ameamua kutoweka pombe mezani, aitaje habari hiyo ndani ya mwaliko kwa sentensi moja tu, bila kuomba radhi, kwani mgeni hukerwa zaidi na kushtukizwa kuliko kukosa. Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba soda na juisi pekee humkinaisha mtu mzima kwa utamu wake hata kabla chakula hakijaletwa. Afadhali kiwepo kinywaji chenye ukali au uchachu, kwa mfano maji ya gesi yaliyotiwa ndimu, tangawizi iliyopondwa na majani machache ya mnanaa, nacho kitolewe mlangoni katika glasi zenye mguu mrefu, zilezile zitakazoinuliwa wakati wa kuwatakia heri maharusi. Kadiria vinywaji 2 kwa kila mgeni katika saa ya kwanza na 1 kwa kila saa inayofuata; barafu, nunua zaidi ya unavyodhani. Lebo nazo zisomwe, kwa sababu baadhi ya bia zinazouzwa kama zisizo na kilevi huwa na hadi asilimia 0.5 ya pombe, na anayejizuia kwa ajili ya dini au afya anastahili kuelezwa kabla hajamimina.